Chernobyl, posta ya Uingereza na Serengeti: nani anaonyesha mshono wake

Tamthilia inaruhusiwa kubuni, filamu ya makala hairuhusiwi. Ndivyo wengi wetu tunavyoamini tukikaa mbele ya runinga. Lakini zitazame kwa kufuatana Chernobyl ya HBO na Sky, Mr Bates vs The Post Office ya ITV, na Serengeti ya BBC, utaona imani hiyo inayumba. Kila kipindi kimeshonwa kwa vipande, hilo haliepukiki. Ninachokidai mimi ni kwamba mtazamaji aonyeshwe mshono uko wapi, na kwa kipimo hicho makala ya wanyama ndiyo inayoshindwa.

Naanza na Chernobyl kwa sababu ndiyo bora kuliko zote tatu. Ilitoka 2019, ina sehemu 5, imeandikwa na Craig Mazin na kuongozwa na Johan Renck. Sehemu ya 5 ndiyo yenye mzigo mzito: kumweleza mtu asiyejua fizikia kwa nini kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kililipuka, tena bila kumfanya asinzie. Mazin anatumia vibao. Vyekundu ni vya kila kinachoongeza nguvu ya kinu, vya bluu ni vya kila kinachoipunguza, na Valery Legasov, mwanakemia aliyeichunguza ajali, anayeigizwa na Jared Harris, anavipanga kimoja kimoja mbele ya mahakama. Shika hesabu hizi ukitazama, na mandhari yote itakaa sawa. Kinu namba 4 kilikuwa na uwezo wa megawati 3,200 za joto, na jaribio la usalama lililopangwa usiku ule lilitakiwa kufanyika kikiwa kwenye 700. Likacheleweshwa kwa saa kama 10 kwa kuwa Kyiv ilihitaji umeme, zamu ya usiku ikalirithi, na nguvu ikaporomoka hadi 30. Kinu kikishushwa namna hiyo, gesi ya zenoni hujikusanya ndani yake na kumeza nyutroni, zile chembe zinazoendesha mmenyuko, kwa hiyo hakitaki kupanda tena. Waendeshaji wakachomoa fimbo za kudhibiti kwa wingi mpaka nguvu ikafika megawati 200, na hapo wakaamua jaribio liendelee.

Saa 7:23 usiku wa kuamkia Aprili 26, 1986, kikabonyezwa kitufe cha AZ-5, kile cha kuzima kila kitu. Tamthilia inasema ncha za fimbo zilikuwa za grafiti, na mtazamaji anapata picha ya kifuniko kidogo kama cha kalamu. Hapo wamerahisisha mno. Chini ya fimbo kuliunganishwa kipande cha grafiti chenye urefu wa mita 4.5, na chini ya kipande hicho kulibaki safu ya maji ya mita kama 1.25. Fimbo zikianza kushuka, grafiti inayasukuma maji hayo nje. Maji yalikuwa yanameza nyutroni, grafiti haizimezi, inauendeleza mmenyuko. Matokeo yake ni kwamba kwa sekunde za kwanza sehemu ya chini ya kinu inapanda badala ya kushuka, hasa kama fimbo karibu zote zilikuwa zimechomolewa juu. Fimbo zilihitaji sekunde kama 18 kufika chini, na muda huo haukuwepo. Ukilijua hilo, sura ya mwendeshaji kijana anayebonyeza kitufe akiamini amemaliza kazi inauma zaidi.

Sasa mishono. Ulana Khomyuk, mwanasayansi anayeigizwa na Emily Watson, hakuwepo. Amebuniwa awakilishe wanasayansi wengi waliomsaidia Legasov, na maandishi ya mwisho wa sehemu ya 5 yanasema hivyo waziwazi. Legasov na Boris Shcherbina, kiongozi wa serikali aliyesimamia kazi ya kukabili ajali, hawakuhudhuria ile kesi ya Julai 1987, kwa hiyo vibao vyote vile ni ubunifu. Mazin mwenyewe alilieleza hilo katika podikasti iliyotoka sambamba na kila sehemu, na kwa maoni yangu podikasti ile ni nusu ya kazi yenyewe. Tazama sehemu, kisha isikilize kabla ya kwenda inayofuata. Helikopta inayoanguka mbele ya macho ya wakuu siku za mwanzo ilianguka kweli, ila ilikuwa Oktoba 2, 1986, baada ya mapanga yake kugonga waya wa kreni. Waya unaonekana kwenye picha kwa muda mfupi sana, ndiyo maana watu wengi wanaondoka wakidhani mionzi ndiyo iliyoiangusha.

Yapo pia mambo mawili ambayo siyasamehe. Khomyuk anawaambia wakubwa wa Kremlin kwamba mlipuko wa mvuke ungefikia megatani 2 hadi 4. Hicho ni kiwango cha bomu la haidrojeni, mvuke hauwezi kukifikia hata kidogo. Hatari ya mvuke ilikuwepo, na kazi ya wale watatu waliokwenda gizani kufungua vali za kutoa maji chini ya kinu ilikuwa ya kishujaa hata bila chumvi hiyo. Jambo la pili ni mjamzito, mke wa mzimamoto aliyeungua kwa mionzi, ambaye inasemwa kwamba mtoto wake tumboni aliifyonza mionzi akamwokoa mama yake. Hakuna fizikia wala tiba inayosema hivyo. Mgonjwa aliyeungua kwa mionzi, akishavuliwa nguo na kuoshwa, hawaambukizi wengine ugonjwa wake. Mama wengi waliishi na hofu ya aina hiyo miaka mingi, haikufaa kuiongezea kuni.

Hata hivyo mandhari ya paa katika sehemu ya 4 inaibeba tamthilia nzima. Wanaume wanapewa sekunde 90 kutupa vipande vya grafiti kwa koleo, na kamera inawafuata kwa mkupuo mmoja mrefu bila kukata. Hakuna muziki wa kukuongoza, kuna pumzi ndani ya barakoa na kelele ya kipima mionzi inayozidi kuwa nzito. Mguu wa mmoja unanaswa kwenye kifusi, na wewe unaanza kuhesabu sekunde bila kuambiwa uhesabu. Muziki wa sehemu nyingine ulitungwa na Hildur Guðnadóttir kutokana na sauti zilizorekodiwa ndani ya kituo cha Ignalina nchini Lithuania, chenye vinu vya aina ileile, ambako ndiko sehemu ya picha zilipopigwa. Ndiyo maana kuta zenyewe zinasikika.

Mr Bates vs The Post Office ni kitu kingine kabisa. Sehemu 4, mwandishi Gwyneth Hughes, zilirushwa usiku nne mfululizo kuanzia Januari 1, 2024. Bates wa jina hilo ni Alan Bates, mwendeshaji wa posta aliyewaongoza wenzake kudai haki. Kisa chenyewe kilikuwa kinajulikana. Jarida la Computer Weekly lilikiandika 2009, kipindi cha Panorama cha BBC kikakionyesha 2015, Mahakama Kuu ikatoa hukumu 2019 katika kesi ya wadai 555 kwamba mfumo wa kompyuta wa Horizon ulikuwa na kasoro zinazoweza kuleta upungufu wa fedha. Watu zaidi ya 700 waliokuwa wakiendesha ofisi ndogo za posta walikuwa wameshatiwa hatiani kwa wizi na uhasibu wa uongo. Nchi ilisikia, ikaendelea na shughuli zake. Tamthilia ikaonyeshwa, na Mei mwaka huohuo bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo.

Kwa nini tamthilia ifanye ambacho makala nzuri hazikufanya? Nadhani jibu lipo katika mandhari moja ya Jo Hamilton, mmoja wa waendeshaji hao wa posta, anayeigizwa na Monica Dolan. Yuko dukani kwake kijijini, simu sikioni, anafuata maelekezo ya dawati la msaada hatua kwa hatua, na upungufu wa pauni elfu mbili na ushee unageuka kuwa mara mbili yake pale pale kwenye skrini. Makala ingemweka kwenye kiti asimulie yaliyompata, ukamhurumia. Hapa unaiona namba ikibadilika pamoja naye, huku ukijua kwamba mkataba wake unamtaka alipe upungufu wowote kutoka mfukoni.

Lawama yangu ni kwamba haielezi hasa kompyuta ilikosea vipi, na ingewezekana. Kuna kasoro moja iliyopewa jina la Dalmellington, mji wa Scotland. Mhudumu alipokea pauni 8,000 za kupeleka tawi dogo, akathibitisha, skrini ikaganda. Akabonyeza tena kitufe cha kuthibitisha, kama ambavyo yeyote angefanya, na kila alipobonyeza mfumo ukaandika fedha zilezile upya. Mwisho zikawa zimeandikwa mara 4. Kwenye vitabu akawa na upungufu wa pauni 24,000 ambazo hazikuwahi kuwepo. Dakika moja ya hilo ingetosha kumfanya mtazamaji aelewe kwamba haukuwa uchawi wala bahati mbaya. Kila anayefanya kazi na mashine za malipo dukani angejiona humo.

Sasa Serengeti. Ilianza 2019, waanzilishi wake ni Simon Fuller na John Downer, na Uingereza msimulizi alikuwa John Boyega, Marekani Lupita Nyong'o. Picha ni za kupendeza mno, sibishi. Kuna simba jike Kali, nyani Bakari, tembo Nalla, na kila mmoja amepewa wivu, kisasi na majuto. BBC iliinadi kama makala iliyotiwa drama, lakini neno hilo la jumla halikuambii ni tukio lipi limetokea na lipi limejengwa kwenye meza ya uhariri. Msimulizi anaposema Bakari anawaza mpenzi wake aliyeporwa, tunachokiona ni nyani anayetazama upande fulani. Huenda alikuwa anatazama gari.

Kwetu hili si dogo. Mtoto wa Mwanza au Musoma anaweza asiwahi kuingia hifadhini, akajifunza wanyama wa nchi yake kwa vipindi hivi. Basi ajue pa kuangalia. Njia rahisi ni ndama wa nyumbu. Huzaliwa zaidi Februari kwenye nyasi fupi za Ndutu, upande wa kusini, wakiwa na rangi ya kahawia hafifu, na wakifikisha miezi kama miwili huanza kuwa na rangi nzito ya wakubwa. Kundi huvuka Mto Mara kati ya Julai na Oktoba. Ukioneshwa mama anavuka Mara, kisha ikakatwa kwenda kwa kitoto cha kahawia hafifu kinachomsubiri ukingoni, umeona picha za majira mawili tofauti zimeunganishwa. Angalia na nyasi: Ndutu ya Februari ni fupi na kijani, kaskazini mwezi wa Julai zimeshapanda na kukauka.

Kivuli nacho hakidanganyi. Mbio za duma kwa kawaida haziishi hata dakika moja, kwa hiyo kivuli chini ya tumbo hakiwezi kuwa kifupi cha adhuhuri mwanzoni na kirefu cha jioni mwishoni. Kwa simba, simamisha picha pale sura inapoonekana kwa upande, uangalie vidoti vya mizizi ya masharubu. Juu ya mistari kamili kuna mstari wenye vidoti vichache, na mpangilio wake hutofautiana kwa kila simba, kushoto na kulia. Watafiti huwatambua simba kwa njia hiyo. Tembo watambue kwa michaniko ya masikio.

Sauti ndiyo inayoghushiwa zaidi, na karibu hakuna anayeigundua. Mpiga picha mwenye lenzi ya milimita 1,000 yuko mbali sana, kipaza sauti chake kinaokota upepo na mlio wa gari lake. Mikwaruzo ya kwato, mfupa unaovunjika, mate ya fisi, vyote hutengenezwa studio na mafundi wenye vitambaa, mboga na mifuko ya unga. Mwendo wa pole ni vilevile: kamera ikichukua fremu 1,000 kwa sekunde, na kipindi kikirushwa kwa 25, sekunde moja inakuwa sekunde 40, na hakuna sauti halisi inayoweza kunyooshwa kiasi hicho ikabaki na maana.

Hata kazi ninazoziheshimu zimefanya hivi. Frozen Planet ya 2011 ilionyesha watoto wachanga wa dubu wa barafuni ndani ya pango la theluji, na picha zile zilipigwa kwenye bustani ya wanyama Uholanzi. Yule mjusi mchanga wa baharini anayewakimbia nyoka huko Galápagos, katika Planet Earth II ya 2016, alishonwa kwa picha za nyakati tofauti, na mtayarishaji wake alilisema hadharani. Namsamehe huyu wa pili bila shida: kila nyoka na kila mjusi alikuwa mwituni, na tabia iliyoonyeshwa ndiyo iliyotokea pale. Planet Earth II ina nyongeza ya dakika kama 10 mwishoni mwa kila sehemu inayoonyesha wapiga picha kazini, wamejificha, wamekosa, wamesubiri. Ukiwa na watoto sebuleni, usizime pale hadithi kuu inapoisha. Waoneshe hizo dakika 10, kisha urudie pamoja nao lile tukio lililowashangaza, ukisimamisha picha kila inapokatwa.