Haidrenjia yenye majani tele bila ua: jinsi nilivyotatua
Haidrenjia yangu, kichaka cha maua, sasa imechanua. Ni aina iitwayo macrophylla, kwenye bustani ya Uingereza. Kabla ya hapo ilikuwa majani matupu. Mbolea ya nitrojeni iliongeza majani tu, na maji zaidi hayakusaidia.

Shida ilikuwa mkasi. Aina hii huchanua kwenye matawi ya mwaka uliopita, na machipukizi ya maua hujiunda mwishoni mwa majira ya joto. Ukifyeka kichaka baada ya hapo, umekata maua ya mwakani.

Niliacha kuifyeka, na ilipochanua niliacha vichwa vikavu vya maua vikinge machipukizi dhidi ya jalidi. Baridi kali ilipopita, nilikata kila kichwa juu kidogo ya jozi ya kwanza ya machipukizi manono. Jozi hiyo ndiyo mpaka. Usishuke chini yake. Paniculata, aina nyingine ya haidrenjia, ni kinyume: huchanua kwenye tawi jipya, ikate bila woga.