Jinsi nilivyomnasa mwizi wa petroli kwenye Volkswagen yangu ya 1966

Baba mdogo aliponikabidhi Volkswagen yake, ile tunayoiita kobe, alilisifia jambo moja tu: halili oili. Nikaona kweli. Kila Jumamosi nilichomoa kijiti cha oili nikakuta alama iko palepale, mara nyingine imepanda kidogo. Nilitamba nalo kila nilipokutana na wenye magari. Kilichokuwa kinaliwa ni petroli, tena gari likiwa limesimama.

Ninaishi Lushoto, na uwanja wangu umeinama kama viwanja vingi vya huku milimani. Lango liko upande wa juu, kwa hiyo naliegesha gari pua ikitazama juu ili Jumapili nitoke moja kwa moja. Siku nyingine zote halitembei. Nilikuwa naweka petroli Jumapili jioni, na Jumapili inayofuata nakuta kama lita mbili hazipo. Geji haikunisaidia, ya gari hili huvutwa na waya kutoka kwenye boya la tangi, na kwa umri wake husema inachotaka.

Nikamshuku mpwa wangu. Anaendesha bodaboda, analala chumba cha uani, na pikipiki yake huiegesha hatua tatu kutoka kwenye gari. Ningemshuku nani mwingine? Lakini kwenye Volkswagen ya mwaka huo mdomo wa tangi uko ndani ya boneti ya mbele, na boneti hufunguliwa kwa kuvuta kitasa kilicho ndani ya gari. Nikafunga milango, funguo nikalala nazo. Petroli ikaendelea kupungua. Usiku mmoja, tukila, uvumilivu ukanishinda nikatoa neno.

"Mjomba," akasema bila kuinua macho kwenye sahani, "mimi najazia kituoni. Risiti ninazo."

Akaenda kuzileta kweli, zimekunjwa ndani ya kofia yake ya pikipiki. Nilizitazama, nikamrudishia. Radhi sikumwomba, na hilo hadi leo linanikera.

Kesho yake nikaamua kupima badala ya kusema. Nilitoa petroli yote, nikachonga kijiti cha mbao, nikawa namimina lita tano tano na kukata alama kwa kisu kila mara. Usigawe kijiti kwa rula, maana tangi hilo halina umbo la sanduku: lita tano za chini na lita tano za juu hazichukui urefu sawa. Tena nilimimina gari likiwa palepale linapolala, kwa sababu mwanzoni nilikuwa nikipima langoni ambako ni tambarare, halafu napima mteremkoni, na tofauti ya kuinama tu nikaihesabu kuwa wizi.

Chini ya gari nikatandika maboksi yaliyokunjuliwa, kutoka tangini mbele mpaka injini nyuma. Asubuhi hakuna hata doa. Fundi wangu akasema petroli inapaa kwa joto. Joto gani? Ulikuwa mwezi wa Juni, na Juni Lushoto tunaamka na masweta. Akabadilisha sindano ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, akisema ikichakaa haizibi vizuri. Nikalipa. Baada ya siku nne kijiti kikaonyesha lita moja imekwenda.

Ndipo nilipoligeuza gari likatazama bondeni, bila sababu kubwa, nilikuwa nataka kufagia tu. Likakaa hivyo siku nne. Nilipima siku ya kwanza na siku ya nne: alama haikusogea. Nikaligeuza tena pua juu, likapungua tena. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza nikatafakari. Mwizi gani anayeiba kwa kutazama gari limeelekea wapi?

Tangi liko mbele, injini iko nyuma. Pua ikiwa juu, petroli yote imekaa juu ya injini na inatafuta njia ya kushuka yenyewe. Kama haidondoki chini, basi inaingia mahali. Nikachomoa kijiti cha oili. Kilikuwa kimelowa vidole viwili juu ya alama ya mwisho, oili nyembamba kama chai, na nilipoinusa nikanusa kituo cha mafuta. Ile sifa ya kutokula oili! Ilikuwa inaliwa kama kawaida, petroli ikawa inajazia pengo.

Njia zilikuwa mbili. Ama petroli inapita kwenye kabureta, inashuka kwenye silinda na kupenya ringi za pistoni. Ama mpira ulio ndani ya pampu ya petroli, ule mafundi wanaouita daiframu, umepasuka na kuidondosha moja kwa moja kwenye injini, maana pampu imekaa juu ya injini yenyewe. Kuzitenganisha hakukuhitaji chombo chochote. Nilimwaga oili ile (injini hii huchukua lita mbili na nusu, nilitoa karibu nne), nikaweka mpya, kisha nikachomoa bomba la mpira linalokwenda kwenye kabureta na kuliziba kwa boliti na kibano. Sasa kabureta haipati kitu. Baada ya siku mbili oili ilikuwa imepanda. Pampu.

Pampu za miaka ile zinafunguka kwa skrubu. Daiframu ilikuwa na ufa wa urefu wa ukucha, hauonekani mpaka uikunje. Nyingine niliipata Gerezani, Dar es Salaam. Unapokaza skrubu, kandamiza mkono wa pampu kwanza, la sivyo mpira mpya utavutika na kupasuka mapema. Nusu ya chini ya pampu ijaze grisi. Na kama gari lako limekuwa hivi, usipige stata kabla ya kumwaga oili: petroli huiondolea oili nguvu ya kulinda beringi, na mvuke wake ndani ya injini ni hatari ya moto. Mimi niliendesha hivyo miezi kadhaa bila kujua, nikapona kwa bahati.

Chini ya tangi nimeongeza koki, naifunga kila nikiegesha. Kichujio cha plastiki ambacho mtu alikining'iniza juu ya distribyuta, kile kinachogawa umeme wa plagi, nimekihamishia mbali na cheche.

Kijiti cha mbao kimebaki kwa mpwa wangu. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha bodaboda, hufungua boneti, hupima, halafu hunitangazia kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani: "Shikamoo mjomba! Lita kumi na nane, na mimi ndiyo natoka!"