Uria Mhiti, Jina la Mwisho Katika Orodha

Wapendwa katika Bwana, nawasalimu katika jina la Yesu. Juma hili lote nimekuwa nikirudi kwenye 2 Samweli 23, sura ambayo wengi wetu huipitia haraka kwa sababu imejaa majina yanayoupa ulimi taabu. Ni orodha ya mashujaa wa Daudi: Eleazari, aliyewapiga Wafilisti hata mkono wake ukaambatana na upanga, Shama, aliyesimama katikati ya konde la dengu wakati watu wamekimbia, Benaya, aliyeshuka shimoni siku ya theluji akamuua simba. Yale maji ya kisima cha Bethlehemu, ambayo mashujaa watatu walimchotea Daudi, nimeyahubiri mara nyingi. Safari hii nimekwama kwenye mstari wa 39, penye jina la Uria Mhiti.

Habari zake tunazijua. Ndiye aliyekataa kwenda kulala nyumbani kwake wakati sanduku la Mungu na jeshi la Israeli wamo vibandani, na ndiye aliyekabidhiwa na mfalme barua ya kumpelekea Yoabu, jemadari wa jeshi, akaibeba kwa mkono wake mwenyewe bila kujua kwamba ndani yake imeamriwa awekwe mbele penye mapigano makali, kisha wenzake warudi nyuma wamwache. Daudi, aliyekuwa amemtwaa Bathsheba, mke wa Uria, alitaka jina hilo lisisikike tena. Lakini orodha ya heshima ilipofungwa, limo, tena la mwisho kabisa, mahali ambapo msomaji hawezi kuliruka. Hata Mathayo, alipoandika ukoo wa Bwana wetu, hakumtaja Bathsheba kwa jina. Aliandika kwamba Sulemani alizaliwa kwa mke wa Uria.

Mmezoea kunisikia nikimtaja Desmond Doss, yule tabibu wa askari wa miguu aliyewashusha majeruhi kwa kamba kwenye jabali la Okinawa bila kubeba bunduki. Leo namwacha, nimtaje luteni Vernon Baker, wa Divisheni ya 92 ya askari wa miguu wa Marekani, iliyokuwa ya watu weusi. Tarehe 5 na 6 Aprili 1945, karibu na Viareggio nchini Italia, alizishambulia ngome za Wajerumani zenye bunduki za rashasha, moja baada ya nyingine, na majeruhi wa kombania yake walipokuwa wakiondolewa alikaa mahali pa wazi ili risasi za adui zimwelekee yeye. Watu weusi zaidi ya milioni moja waliitumikia Marekani katika vita ile, na kwa zaidi ya miaka 50 hakuna hata mmoja wao aliyepewa kwa ajili ya vita hiyo Nishani ya Heshima, iliyo ya juu kuliko zote katika nchi hiyo. Ni tarehe 13 Januari 1997 tu ndipo Rais Clinton alipotoa nishani saba. Sita zilikuwa za marehemu. Baker peke yake, mzee wa miaka 77, alisimama akavishwa ya kwake.

Linaloniumiza ni kwamba Baker hakuwa amesahauliwa. Vita ilipokwisha alipewa nishani ya daraja la pili, maana yake matendo yake yalijulikana, yaliandikwa, na mkubwa fulani aliyasoma. Aliyemnyima ile ya juu hakusahau, wapendwa, na sisi tumezoea mno kutumia neno hilo kufunika jambo jingine.

Nasema haya nikiwa mshitakiwa. Juma lililopita nilipewa kazi ya kuandika majina ya watu wa kushukuriwa baada ya mkutano wetu wa maombi. Kuna mama mmoja ambaye siku zote za mkutano alifika kabla ya mapambazuko na kuondoka wa mwisho. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amenikosoa mbele ya kamati, na alikuwa na haki. Niliandika jina lake, la nne, kisha nikalipiga mstari, na kwa kuwa mstari ule ulinitazama, nikainakili orodha upya kwenye karatasi safi. Jumapili niliisoma madhabahuni. Mama yule, aliyeketi benchi la tatu, alipiga makofi kwa kila jina, na baada ya ibada akanisalimu kwa mikono yake miwili. Nyumbani mke wangu alipouliza, nilimjibu kwamba nimepitiwa.

Wachungaji wenzangu, wazee, viongozi wa kwaya na wa vijana, tuambiane ukweli. Tunawaweka watu mbele penye mapigano makali ya kazi ya Bwana, kisha tunarudi nyuma kimyakimya, na ushindi ukipatikana tunausoma kwa majina ya rafiki zetu. Wala msinijibu kwamba thawabu yao iko mbinguni. Iko, na Bwana hatapungukiwa nayo. Lakini Paulo aliwaambia Warumi, katika sura ya 13, kwamba astahiliye heshima apewe heshima, na aliitaja pamoja na kodi na ushuru, yaani katika hesabu ya madeni. Deni langu haliwezi kulipwa na Mungu kwa niaba yangu huku mimi nikiendelea kukaa madhabahuni.

Alhamisi jioni nilimfuata mama yule kanisani, nikamkuta akipangusa mabenchi. Nilimpa ile karatasi ya kwanza, yenye mstari, nikamweleza yote, nikamwomba radhi na ruhusa ya kuisoma upya Jumapili mbele ya watu wote. Alikausha mikono kwa khanga yake, akaisoma orodha taratibu kutoka juu hadi chini, kisha akaweka kidole kwenye namba 9.

“Mwanangu,” akasema, “na huyu kijana aliyekuwa akituchotea maji, jina lake umelikosea.”