Goti Langu Halikuwa na Jongo

Nimelishwa ushauri hadi nikavimbiwa. Goti la kulia lilivimba usiku mmoja tu, likawa la moto, hata shuka likiligusa napiga kelele. Kulipokucha kila mtu alikuwa daktari. Shemeji akasema ni jongo, ule ugonjwa wa fuwele (chembe ngumu kama za chumvi) za asidi ya yuriki kwenye viungo, niache nyama. Jirani, aliyesikia mahali kwamba viungo hujaa chokaa, akanipiga marufuku maziwa kwa kuwa yana kalisiamu. Muuza dawa akanipa alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, wala hakuuliza kama nimepimwa. Nyama nikaacha, maziwa nikaacha, vidonge nikameza. Goti halikuwa na habari nao.

Kipimo cha damu kilionyesha asidi ya yuriki iko kawaida. "Hiyo haitoshi," akasema daktari wa viungo, "hata mwenye jongo inaweza kusoma kawaida siku goti limewaka." Basi nikamwomba mwenyewe atoe maji gotini. Wengi huikimbia hiyo sindano. Mimi naisifu! Yalitoka maji ya manjano yenye ukungu, na papo hapo goti likaanza kukunjika. Maabara wakatafuta kwanza bakteria, maana kiungo chenye maambukizi huharibika haraka, kisha wakayaweka chini ya hadubini. Fuwele za jongo ni ndefu, zimechongoka. Zangu zilikuwa vipande vifupi vya pembe nne: kalisiamu pairofosfeti. Eksirei nayo ikaonyesha mstari mwembamba mweupe ndani ya gegedu, ule mfupa laini unaofunika ncha za mifupa. Ni ugonjwa mwingine kabisa, jongo bandia (pseudogout), ambao Daniel McCarty na wenzake waliutenganisha na jongo huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na bado watu wanaufananisha.

Na maziwa? Fuwele hizi hujitengenezea ndani ya gegedu lenyewe, hazitoki kwenye kikombe. Nilikunywa yangu mbele ya jirani, polepole.

Kwa kuwa sijafika miaka 60, na ugonjwa huu ni wa wazee zaidi, walitafuta chanzo kwa kunipima pia kalisiamu, madini ya chuma, magnesiamu na homoni ya zile tezi ndogo za shingoni. Magnesiamu ilikuwa chini. Vidonge vya kupunguza asidi ya tumbo, ukivitumia muda mrefu, vinaweza kuishusha. Mwenye ugonjwa huu na asiyepimwa hivi, aulize.

Sasa ujanja wangu. Barafu ya kawaida ni mawe, haikai gotini. Chukua mfuko wa plastiki imara, tia maji vikombe viwili au vitatu na spiriti ya kusafishia vidonda kikombe kimoja, toa hewa, funga, kisha tia huo ndani ya mfuko wa pili. Weka kwenye friza usiku kucha. Haugandi kabisa, unakuwa mzito kama uji, unalikumbatia goti pande zote. Ufunge kwa taulo, kwani ni baridi kuliko barafu na unaweza kuunguza ngozi; dakika 15 zinatosha. Shemeji ameshaniomba wa kwake, wa mgongo.

Dawa ya kuyeyusha fuwele hizi haipo. Nilichomwa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, gotini, na sasa natumia kolchisini, kidonge cha kuzuia goti lisiwake tena, kidogo kila siku. Ukizidisha, tumbo litakuharisha bila huruma, na mwenye figo dhaifu asijipimie mwenyewe. Majuzi kifundo cha mkono kilianza kuwaka. Nikatoa mfuko kwenye friza na kumpigia daktari kabla jirani hajabisha hodi.