Altezza yangu ilikuja Tanga na viatu vya theluji

Juzi mdogo wangu kanipigia kutoka Munich, huku saa tano usiku kule saa tatu, eti kaka ninunue tairi gani za theluji. Ananiuliza mie! Mtu wa Ngamiani, Tanga, ambae theluji naijua ile ya kwenye friza ya samaki, ukikwangua kwa kisu. Nikacheka weee, halafu nikanyamaza, maana nilikumbuka kumbe najua, na nilivyojua sio kwa kusoma. Basi ngoja niandike nikiwa bado na hasira nazo.

Gari yangu ni Toyota Altezza RS200, ile ya injini ya 2.0, gia sita za mkono, inasukuma nyuma. Nilimkuta nayo jamaa Dar, rangi safi, siti safi, kila kitu safi, mi macho yalikuwa kwenye gia tu nikajiona kijana tena. Tairi nilizipiga teke mbili tatu kama wanavyofanya watu wote wasiojua wanachoangalia. Mbele kulikuwa na za Kichina mpya kabisa, nyuma Blizzak. Jamaa akasema za nyuma ndo original za Japani bro, meno yote yapo. Na kweli meno yalikuwepo. Mi nani nibishane na meno.

Sasa ikafika masika, mwezi wa nne. Nilikwenda Muheza kumchukua shangazi yangu, na ukienda Muheza hurudi mikono mitupu, buti limejaa machungwa. Mvua ilikuwa imenyesha imekata, imebaki ile ya manyunyu, lami inang'aa. Kabla ya Pongwe kuna kona wala sio kona ya kutisha, mi niko 60 hivi, nikashusha gia kwenda ya tatu nikaachia klachi kwa pupa kidogo, nakiri, na mkia ukachomoka. Sio kuchomoka kule kwa video za drifti, hapana, ni kama mtu kakuvutia mkeka miguuni. Nikarudisha usukani, gari ikarudi, ikapitiliza upande wa pili, ikazunguka, tukasimama kwenye majani pembeni ya mkonge, pua imeangalia tulikotoka. Injini imezima. Nyuma machungwa yanabingirika kwenye buti, gudugudu, gudugudu, mpaka yakatulia. Shangazi hakupiga kelele hata kidogo. Alikuwa kashika tasbihi yake, akageuka taratibu akaniuliza, "Baba, tunarudi Muheza?"

Kesho yake asubuhi nikaipeleka kwa fundi tairi wangu Chumbageni, mzee mmoja ana mkono wa kushoto mgumu kama jiwe kwa kutoa tairi kwenye rimu kwa nondo kabla hajanunua mashine. Shikamoo, marahaba mwanangu, nikamweleza. Mzee hakuangalia mbele kabisa, alikwenda moja kwa moja nyuma, akaingiza ukucha kwenye meno ya tairi akayafinya. Yakafinyika. Yaani jino la tairi linakwenda huku na huku kama kifutio cha mwanafunzi. Akaniambia hebu shika na wewe, nikashika, saa tatu asubuhi jua limeanza kuwaka na mpira ushakuwa laini vile. Halafu nikaangalia kwa karibu nikaona kila jino lina vichale vyembamba vya kujipindapinda, kama mtu kachanja kwa wembe. Ubavuni limeandikwa kwa herufi kubwa STUDLESS, miezi yote nilikuwa naliosha neno hilo kwa sabuni sijawahi kulisoma.

Stori yake ni kwamba zamani Wajapani wa sehemu za baridi walikuwa wanatumia tairi zenye vipini vya chuma, zikawa zinachimba lami mpaka mji unajaa vumbi watu wanakohoa, mwaka 1990 wakatunga sheria ya kuzibana. Ndo hizi za STUDLESS, yaani zisizo na vipini, zikashika soko, Bridgestone walitoa Blizzak ya kwanza 1988. Mpira wake una vitundu vidogo vidogo ndani vinavyonyonya ule utando wa maji ulioko juu ya barafu, na umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ambayo tairi ya kawaida inakakamaa. Mstari wanaoutaja watu wa matairi ni nyuzi 7. Chini ya hapo tairi ya kawaida inaanza kuwa ngumu, ya theluji ndo inaanza kupumua. Tanga usiku wa Julai tunajifunika shuka na bado hatuijui hiyo 7. Hata Lushoto, na majaketi yao yote, mchana hawana baridi hiyo.

Kwa hiyo gari ya Hokkaido, kule kaskazini mwa Japani kwenye baridi, inapanda meli na viatu vyake vya barafu miguuni, inashuka bandarini, na sisi tunasema mashallah meno yote yapo.

Ila kilichonizungusha pale sio Blizzak peke yake, na hapa ndo mzee alinifungua macho. Mbele nilikuwa na tairi ngumu mpya zinazoshika lami ya mvua, nyuma laini zinazocheza. Gari inayovuta mbele ukizidisha inagoma tu kukata kona, inakwenda mbele kama ng'ombe, unaachia mafuta inarudi. Yetu ya kusukuma nyuma, tairi za nyuma zina kazi mbili, zinashikilia kona na hapohapo zinabeba nguvu ya injini, au breki ya injini kama mie nilivyoachia klachi. Ukiipa kazi zote mbili tairi dhaifu kuliko ya mbele, mbele inashika, nyuma inaachia, mkia unataka kufika nyumbani kabla ya pua. Mzee alilisema kwa kifupi zaidi, "Umevaa kiatu mbele na ndara nyuma, mwanangu." Na tarehe je, akanionyesha namba nne za mwisho ubavuni, 4613, wiki ya 46 mwaka 2013. (Ukiikosa hiyo namba usidhani haipo, mara nyingi ile kamili iko upande mmoja tu, kainame uangalie upande wa ndani, uchafuke.) Hapohapo ubavuni palikuwa na 87Q, hiyo Q maana yake mwisho kilomita 160 kwa saa. Kwa Altezza ni tusi, ingawa kusema kweli mi mwenyewe 160 sijawahi kufika na shangazi akisoma hapa aelewe hivyo.

Haya turudi kwa dogo. Yeye ana Toyota GT86, nayo inasukuma nyuma, na mshangao ni kwamba tairi zake za kiangazi ni 215/45R17 (upana milimita 215, rimu ya inchi 17), saizi ile ile ya kwangu. Alivyoniambia mpango wake nikataka kukata simu. Eti hela haitoshi, atanunua mbili tu za theluji aweke nyuma, si ndo zinazosukuma gari kaka? Nikamwambia dogo, nikuzungumzie habari za Pongwe? Yeye anataka kufanya vilevile ila kwa kugeuza. Nyuma zitashika theluji vizuri, gari itaondoka kwenye taa kama mfalme, ikifika kona sasa, au mtu kavuka, tairi za mbele ndo zinakata na ndo zinabeba breki nyingi, na zenyewe zimekakamaa kama ubao. Usukani unazungusha na gari inakwenda ilikokuwa inakwenda. Nne au paki gari upande treni, Munich treni zipo.

Tukakaa kwenye simu karibu saa nzima, bando langu. Kwanza nilimzuia asiagize zile za Kijapani za Q kwa sababu tu jina kalisikia kwangu. Kule katikati ya Ulaya barabara muda mwingi ni maji na baridi tu, barafu ni siku chache, na autobahn watu wanakimbia, kwa hiyo kuna aina ya tairi za baridi ngumu kidogo kuliko za kina Hokkaido, zina H au V, herufi za spidi kubwa kuliko Q. Na wana kisheria chao kizuri, ukifunga tairi za baridi zenye kikomo cha spidi chini ya gari lako lazima ubandike stika mbele ya macho yako inayokukumbusha. Wajerumani bwana. Alama ya kutafuta ni mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Ile M+S (matope na theluji) peke yake kule haikubaliki tena tangu Oktoba 2024, kwa hiyo akiona mtu anauza yuzdi ya bei rahisi yenye M+S tu, ajue kwa nini rahisi.

Halafu upana. Vijana wa spoti tunapenda pana, mi wa kwanza. Kwenye theluji nyembamba ndo inafanya kazi, inakata inashuka chini badala ya kupanda juu yake. Dogo kaangalia karatasi za gari, kaona 205/55R16 inaruhusiwa, kimo chake karibu sawa na cha 17 yake, spidomita haidanganyi, na tairi za 16 bei nafuu. Hela iliyobaki ndo ikamnunulia zile mbili za mbele alizotaka kuzikwepa. Hapo nilijisikia mtu mzima sana.

Kuna mzee jirani yake kamshauri aweke mfuko wa mchanga kwenye buti kuongeza uzito nyuma, walikuwa wanafanya hivyo zamani. Nikamwambia mimi nimebeba machungwa na yakanisaidia nini.

Na mie nilifunga zipi? Nne sawa, jina moja, mfululizo mmoja. Nilitaka za Kijapani mpya, nikauliza bei nikatoka dukani nikajifanya nimesahau simu kwenye gari. Nikachukua za Kichina za kawaida, ila sikuchagua kwa bei peke yake, nilikaa chini ya kaunta na tochi ya simu nasoma mbavu. Nilitaka mifereji minne mipana inayozunguka tairi zima, hiyo ndo inayotoa maji ya masika. Nyingi zina pia alama za Kimarekani, Traction na Temperature, nikatafuta Temperature A maana hiyo inasema tairi inavumilia joto, na joto tunalo mpaka la kugawa. Kijana wa dukani aliniuliza kama nimetoka TBS, shirika la viwango, kukagua.

Upepo nao, jamani. Hapa mjini kila fundi ana namba moja kichwani, psi 40, iwe Ist iwe Altezza iwe toroli. Soma stika iko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mi siku hizi nasimama pembeni naangalia geji, wananichukia kimyakimya.

Masika yaliyofuata nimepita kona ile ile mara sijui ngapi, mara moja hata niliirudia makusudi peke yangu asubuhi barabara tupu, mvua inanyesha, 60, gia ya tatu, ila klachi nikaachia kistaarabu. Gari ikapita kama haijui kama hapo pana kona.

Zile Blizzak mbili nilimwachia mzee nikamwomba azikate, atengeneze ndara au ndoo za kisimani, chochote. Akasema sawa. Baada ya siku tatu nikapita kujaza upepo nikaona hazipo pale alipoziegemeza ukutani, nikauliza. Mzee akawa anapangusa mikono, hanitazami. Kuna kijana kaja, akasema, ana Altezza kama yako, ya silva, kazikuta hapo kazipenda mwenyewe.

"Nilimwambia mwanangu. Akasema mbona yana meno."