Kibaba cha Sojourner Truth

Agosti 2012, siku ya mwisho ya Ramadhani, nilikuwa barazani kwetu Tanga, daftari mapajani, nahangaika na sentensi moja. Bibi alikaa mkekani anapima mchele wa zaka ya Fitri, pishi moja kwa kila kichwa.

Kina mama wa mtaani walitaka baada ya Idd niwasomee hotuba ya Sojourner Truth, mwanamke aliyezaliwa utumwani jimbo la New York. Aliitoa Mei 1851 kwenye mkutano wa haki za wanawake mjini Akron, Ohio. Imetufikia kwa kalamu mbili. Inayojulikana zaidi ni ya Frances Gage, aliyeuongoza mkutano huo, ya mwaka 1863, ndiyo yenye kile kibwagizo "Je, mimi si mwanamke?" Gage alimwekea Truth lafudhi ya watumwa wa Kusini, na huyu alikulia Kaskazini, lugha yake ya kwanza Kiholanzi. Akampa na watoto 13, ilhali alizaa watano. Nilipolijua hilo niliumia. Mtu anasimama kudai sauti, halafu anayempenda anambadilishia hiyo hiyo sauti!

Nikachagua ya Marius Robinson, mhariri wa gazeti lililopinga utumwa, iliyochapwa humo Juni 1851, majuma machache tu baada ya mkutano. Kibwagizo hakimo. Yumo mwanamke anayesema amelima, amevuna, amemenya mahindi, na nguvu zake ni sawa na za mwanamume yeyote. Kisha anaingia kwenye akili, kwa vipimo vya Kizungu: ikiwa mwanamke ana painti na mwanamume ana kwoti, kwa nini mwanamke asiachiwe kipainti chake kijae? Ukubwa wa chombo haubishanii kabisa. Anadai kijazwe.

Hapo ndipo nilipokwama. Painti ni kitu gani kwa mama muuza vitumbua? Niliandika glasi, nikafuta. Nikaandika chupa, nikafuta. Mwishowe nikamsomea Bibi.

"Hiyo kwoti inaingia painti ngapi?" akauliza, macho kwenye mchele.

"Mbili, Bibi."

"Basi hicho kisaga. Na painti ni kibaba."

Akachota kibaba, akakijaza hadi mchele ukafanya kichuguu na kuanza kumwagika pembeni. "Tazama, mjukuu wangu. Kibaba hakichukui zaidi ya kibaba. Wanaogopa nini hao wanaume?"

Nikashtuka. Mstari unaofuata, ambao sikuwa nimemsomea, Truth anawaambia wanaume wasiogope kutupatia haki zetu, maana hatuwezi kuchukua zaidi ya kinachoingia katika painti yetu.

Bibi akataka kujua kama yule mwanamke aliwahi kupiga kura. Nikamwambia alikwenda kujaribu mwaka 1872, huko Michigan, wakamrudisha. Akafariki 1883. Katiba ya Marekani ilikuja kubadilishwa 1920, ndipo ikakataza kumnyima mtu kura kwa sababu ni mwanamke.

Bibi akaweka kibaba chini.

"Hebu nisomee tena," akasema. "Tangu mwanzo, na usikimbie."