HandBrake kwa DVD za harusi

Kwa DVD ya harusi isiyofungwa kwa ulinzi wa kunakili, programu ya kompyuta ya HandBrake inatosha kuigeuza kuwa faili ya video, tena ni ya bure. Fungua folda ya VIDEO_TS iliyo ndani ya diski, chagua sehemu ndefu zaidi, weka aina ya faili MP4, njia ya kubana video H.264, na kipimo cha ubora RF 20. Usikuze picha: DVD ya PAL (mfumo wa picha za televisheni) ina nukta 720 kwa 576 tu, ukiikuza unanenepesha faili bure.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kusahau kichujio cha Deinterlace, kinachoondoa mistari ya picha zilizorekodiwa kwa mistari ya kupishana. Bibi harusi akigeuza shingo, ukingo wa shela unachanika mistari mistari kama meno ya kitana. Kwenye kichujio hicho, chagua Yadif.

Diski ikikwama, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Ukitaka nakala isiyobanwa upya, tumia programu ya MakeMKV.